Panadol, bangi na pilipili: jibu kwa muuza dawa wa Kasulu

Swali limetoka kwa dada anayehudumia duka la dawa muhimu Kasulu, mkoani Kigoma. Anaandika: “Mama mmoja kakataa kumpa mwanawe Panadol ya maji. Anasema katumiwa ujumbe kwenye simu kwamba dawa hiyo ikifika ubongoni inageuka kemikali ya maabara inayofanya kazi kama bangi na pilipili kwa pamoja. Ni kweli? Inalevya? Mtu anaweza kuizoea akashindwa kuiacha? Na wazee wetu wanaojipaka pilipili magotini, wao wanahusikaje na habari hii?”

Dada, ujumbe huo umeokota jambo la kweli ukalipeleka kusiko. Ni kweli kwamba sehemu ndogo ya parasetamoli, ambayo ndiyo dawa iliyomo ndani ya Panadol na zile zote zinazouzwa kwa majina mengine, hugeuzwa ubongoni kuwa kemikali iitwayo AM404. Ni kweli pia kwamba AM404 inagusa mfumo uleule unaoguswa na bangi, na ule unaoguswa na pilipili. Lakini hailevyi, na mtoto mwenye homa hapati madhara kwa sababu hiyo. Parasetamoli ina hatari yake, tena kubwa, ila iko kwenye ini na kwenye hesabu ya vidonge. Huyo mama anaogopa mahali pasipo na kitu, na pale penye kitu hapaangalii.

Tuanze na vipokezi, maana bila hivyo habari nzima haieleweki. Kipokezi ni protini iliyokaa kwenye utando wa seli ikisubiri kuguswa na kemikali fulani. Ikiguswa, seli inabadili mwenendo. Vipokezi vya kanabinoidi, yaani kemikali za jamii ya zile za bangi, vinavyojulikana zaidi ni viwili. CB1, ambacho jeni yake ilibainika mwaka 1990, kimejaa ubongoni na kwenye uti wa mgongo. CB2 kilifuata mwaka 1993, na hicho kipo zaidi kwenye seli za kinga. THC, kilevi cha bangi, hulewesha kwa kushika CB1. Ila mwili haukuwekewa vipokezi hivyo kwa ajili ya bangi; unatengeneza kemikali zake wenyewe za kuvigusa. Ya kwanza kutambuliwa ni anandamidi, ambayo William Devane, Raphael Mechoulam na wenzao waliitoa kwenye ubongo wa nguruwe huko Jerusalem na kuitangaza mwaka 1992. Sote tunayo, mvutaji na asiyevuta.

Kipokezi cha vaniloidi, yaani kemikali za jamii ya ukali wa pilipili, kinaitwa TRPV1, nacho ni cha namna nyingine. Hiki ni mlango kwenye neva zinazobeba maumivu. Hufunguka joto likizidi nyuzi 43 hivi, hufunguka kwa asidi, na hufunguka kwa kapsaisini, ukali ulio ndani ya pilipili. Ndiyo maana mtu aliyekula pilipili kali husema kinywa kinawaka moto: neva zake zimepeleka ubongoni taarifa ileile ambayo zingepeleka kama angemeza uji wa moto. Kundi la David Julius lilikibaini kipokezi hiki mwaka 1997, na kwa kazi hiyo akatunukiwa Nobel ya tiba mwaka 2021 pamoja na Ardem Patapoutian. Mwaka 1999 ikaonekana kwamba anandamidi nayo inaufungua mlango huo. Tangu hapo mifumo hii miwili, wa bangi na wa pilipili, haikuweza tena kuzungumziwa kama vitu visivyojuana.

Undugu wao uko kwenye umbo. Fikiria mpini mmoja unaoweza kuchomekwa vyuma tofauti: ukichomeka jembe unalima, ukichomeka shoka unapasua kuni. Mpini wa hapa ni asidi arakidoniki, mafuta yenye mnyororo wa kaboni 20 ambayo seli zetu zina akiba yake. Ukiunganishwa na etanolamini, unapata anandamidi. Ukiunganishwa na vanililamini, ambayo ni kichwa cha kapsaisini, unapata arvanili. Ukiunganishwa na p-aminofenoli, kipande kinachotokana na parasetamoli, unapata AM404.

Arvanili inastahili maneno machache, kwa kuwa ndiyo iliyotengenezwa kwa makusudi ili mchanganyiko mmoja uguse pande zote mbili. Ilitokea miaka ya mwisho ya 1990, nayo inafungua TRPV1 kwa nguvu, inashika CB1 kwa kiasi, na inazuia anandamidi isirudishwe ndani ya seli kwenda kuvunjwa. Kwa panya wa maabara ilipunguza maumivu, ikashusha joto la mwili, na panya wakapungukiwa kutembeatembea. Kilichowashangaza watafiti ni kwamba hata walipoziba CB1 kwa dawa nyingine, sehemu kubwa ya matokeo hayo ilibaki palepale. Maana yake, kujua dawa inashika kipokezi kipi kwenye bomba la maabara hakutoshi kukueleza itafanya nini ndani ya mnyama mzima. Imejaribiwa pia dhidi ya seli za saratani ya matiti kwenye maabara na dhidi ya uvimbe wa ubongo kwa panya. Haijawa dawa ya dukani. Ukimwona mtu anauza kitu kwa jina hilo, usikiguse.

AM404 nayo ilitengenezwa maabara mwaka 1997, kama chombo cha utafiti cha kuzuia anandamidi isiondolewe haraka. Hakuna aliyekuwa akiihusisha na Panadol. Kisha mwaka 2005 watafiti wa Lund, Uswidi, wakiongozwa na Edward Högestätt na Peter Zygmunt, wakaikuta ndani ya ubongo na uti wa mgongo wa panya waliopewa parasetamoli. Kumbe mwili ulikuwa ukiitengeneza kimyakimya kwa kila dozi, na parasetamoli imekuwa ikitumika sana kote duniani tangu miaka ya 1950.

Safari yake ni hii. Parasetamoli ikifika kwenye ini, sehemu yake ndogo huvuliwa kipande cha asetili na kubaki p-aminofenoli. Hiyo hupanda na damu hadi ubongoni. Huko kuna kimeng'enya kiitwacho FAAH, ambacho kazi yake ya kila siku ni kuvunja anandamidi. Kikikutana na p-aminofenoli hufanya kinyume chake: huiunganisha na asidi arakidoniki, ikawa AM404. Panya waliozaliwa bila FAAH hawatengenezi AM404 hiyo, na parasetamoli haiwatulizi maumivu. Panya wasio na TRPV1 nao dawa haiwasaidii kama inavyowasaidia wenzao, na vivyo hivyo ukiziba CB1. Majaribio matatu ya namna tofauti yakielekeza kidole mahali pamoja, hilo ni jambo la kuzingatia. Kwa binadamu, mwaka 2017 AM404 ilipatikana kwenye maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa waliokuwa wamepewa parasetamoli kwa mshipa.

Hapo utauliza: kama TRPV1 ni mlango wa maumivu, kuufungua kunatulizaje? Jibu ni kwamba inategemea mlango uko wapi. Kwenye ngozi, kuufungua ni kuungua. Katikati ya ubongo, kwenye eneo linaloongoza neva zinazoshuka kwenda uti wa mgongo, kuufungua kunaamsha njia inayobana taarifa za maumivu zisipande. Papo hapo AM404 inaifanya anandamidi ikae muda mrefu kidogo kabla ya kuvunjwa, na hiyo huigusa CB1 kwa upole mahali ilipo. Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kiebrania cha Jerusalem waliongeza jambo lingine: neva za maumivu zilizo nje ya ubongo nazo zinaweza kutengeneza AM404, na huko inaziba mifereji ya sodiamu ambayo neva huitumia kupiga ishara. Wataalamu bado wanabishana ni sehemu gani ya nafuu tuipe AM404 na ipi tuipe njia nyingine, kama ule uwezo wa parasetamoli kupunguza ubongoni prostaglandini, kemikali za mwili zinazochochea maumivu na homa. Kwa kazi yako ya dukani, jambo moja linatoka hapa wazi: dawa hii kazi yake kubwa iko kwenye mfumo wa fahamu, si kwenye uvimbe. Mzee mwenye goti lililojaa maji na kuwa la moto atapata nafuu ya maumivu, lakini uvimbe hautashuka kwa parasetamoli hata akimeza wiki nzima. Usimwongezee dozi kwa sababu hiyo; mwelekeze kituo cha afya.

Sasa ulevi. THC ya bangi inaingia kutoka nje kwa wingi na kushika CB1 moja kwa moja, ubongo mzima kwa wakati mmoja: penye kumbukumbu, penye furaha, penye mwendo. AM404 yenyewe inashika CB1 kwa udhaifu sana. Inatengenezwa kwa kiasi kidogo mno, na anandamidi inayoongezeka ni ile tu ambayo ubongo ulikuwa umeshaitoa mahali fulani kwa sababu fulani. Ndiyo maana mtu anameza vidonge viwili na maumivu yanapungua, lakini hacheki ovyo, hasikii njaa ya ghafla, wala macho hayawi mekundu. Kipimo cha bangi kwenye mkojo nacho hutafuta mabaki ya THC, na parasetamoli haina mabaki hayo. Dereva anayeomba kazi asiogope kumeza Panadol kabla ya kupimwa.

Kuna kanabinoidi za maabara zinazouzwa kimagendo kama kilevi, zikinyunyiziwa kwenye majani makavu. Hizo ni jambo jingine kabisa. Nyingi hushika CB1 kwa nguvu kuliko THC na zimepeleka watu hospitali kwa degedege na moyo kwenda mbio. Neno “kemikali ya maabara” lisiwafanye watu waziweke kapu moja na AM404.

Kuizoea je? Parasetamoli haileti uraibu wa bangi wala wa pombe. Lakini kuna tabia moja unayoiona dukani kila siku, nayo ina jina la kitabibu: maumivu ya kichwa yanayoletwa na dawa zenyewe. Mtu mwenye kichwa cha mara kwa mara akimeza parasetamoli siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, kichwa huanza kuuma kwa sababu ya kumeza. Anameza tena, kinatulia kidogo, kinarudi. Anayekuja kila asubuhi kununua viwili “vya kichwa” asiuziwe tu. Muulize amekunywa siku ngapi mwezi huu, kisha mpeleke akapimwe presha, macho na mengineyo.

Tufike kwenye ini, ambako hofu ya yule mama ingefaa kuelekezwa. Sehemu kubwa ya parasetamoli hufungwa na ini na kutolewa kwa mkojo bila matata. Asilimia 5 hadi 10 hivi hupita njia nyingine na kuwa sumu iitwayo NAPQI. Kwa dozi ya kawaida sumu hiyo hunaswa mara moja na glutathioni, akiba ya ulinzi iliyo ndani ya ini. Dozi ikizidi, njia ya kawaida inajaa, NAPQI inaongezeka, glutathioni inakwisha, na sumu inaanza kuua seli za ini zenyewe. Kinachoudhi zaidi ni kwamba mtu huyo saa 24 za mwanzo anaweza kuwa mzima kabisa au kuwa na kichefuchefu tu. Maumivu ya upande wa kulia chini ya mbavu huja siku ya pili au ya tatu, na macho ya manjano yakionekana, ini limeshaharibika. Kwa hiyo aliyezidisha, awe mtoto aliyekuta chupa au mtu mzima aliyemeza kwa makusudi, apelekwe hospitali saa hiyohiyo hata kama anacheka. Beba pakiti au chupa ili wajue kiasi na muda. Dawa ya kuokoa ini, asetilisisteini, inafanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 8. Usimtapishe, usimpe maziwa ukasubiri, na mkaa wa jikoni si mkaa wa dawa.

Wengi, hata hivyo, hawazidishi kwa kukusudia. Wanazidisha kwa kujumlisha bila kujua. Mtu mzima mwenye afya anaruhusiwa kidonge kimoja hadi viwili vya 500 mg kila baada ya saa 4 hadi 6, bila kuvuka 4 g kwa saa 24, yaani vidonge 8. Chukua mtu mwenye mafua na viungo vinavyouma. Anameza Panadol viwili mara nne: tayari ni 4 g. Juu yake ananunua dawa ya mafua yenye parasetamoli 500 mg kwa kila kidonge, anameza viwili mara tatu: ni 3 g nyingine. Amefika 7 g, na anaapa kwamba amefuata maelekezo ya kila pakiti. Vidonge vya mchanganyiko vya diklofenaki na parasetamoli hufanya vivyo hivyo. Kabla ya kumkabidhi mteja dawa ya pili, geuza pakiti usome viambato mbele yake. Ni sekunde chache tu.

Mtu mzima aliye chini ya kilo 50 hesabu yake ni kwa uzito: 15 mg kwa kilo kwa dozi moja, na 60 mg kwa kilo kwa siku. Bibi wa kilo 40 basi anapata kidonge kimoja kwa dozi, si viwili, na visizidi vinne kwa siku. Mnywaji wa gongo au pombe nyingine ya kila siku, na mtu aliyedhoofu kwa kukosa chakula, glutathioni yao iko chini. Hao wasivuke 2 g kwa siku, na wakihitaji kwa siku nyingi waonwe na daktari.

Kwa mtoto ni 10 hadi 15 mg kwa kilo, kila baada ya saa 4 hadi 6, zisizidi dozi nne kwa siku. Dawa ya maji iliyozoeleka ina 120 mg ndani ya 5 ml. Mtoto wa kilo 12 anahitaji 120 hadi 180 mg, yaani 5 ml hadi 7.5 ml. Makosa huanzia kwenye kipimo: vijiko vya chai vya nyumbani havilingani, na mama akikadiria gizani hukosea zaidi. Mpe bomba la sindano lisilo na sindano, weka alama ya kalamu kwenye mstari wa 5 ml, na mwonyeshe kuvuta dawa mara moja hapohapo dukani. Zipo pia chupa ndogo za matone zenye 100 mg ndani ya 1 ml. Mama aliyezoea kupima 5 ml za ile ya kawaida akifanya hivyo kwa matone, mtoto amepata 500 mg. Kama unauza zote mbili, ziweke rafu tofauti.

Na yule mama wa kwanza mwambie hivi: parasetamoli itamshusha mtoto joto na kumpunguzia maumivu, hailevyi, ila haiui vimelea vya malaria. Kigoma na Tabora ni mikoa yenye malaria nyingi, na homa iliyoshuka kwa Panadol huwadanganya wazazi kwamba mtoto kapona. Apimwe kwa kipimo cha haraka. Akikutwa na malaria apate dawa mseto kwa uzito wake na amalize. Aliye chini ya miezi miwili, anayetapika kila kitu, asiyeweza kunyonya, aliyelegea au aliyepata degedege, asipewe chochote cha kubahatisha dukani. Aende kituo cha afya, na hali ikizidi wao watampa rufaa hadi Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa. Jambo moja zaidi: kama anaikataa Panadol, angalia asije akampa aspirini badala yake. Mtoto mwenye homa ya virusi akipewa aspirini anaweza kupata ugonjwa adimu lakini mkali wa ini na ubongo.

Wazee wa pilipili, kwa upande wao, wanacheza na TRPV1 kwa njia ya wazi kabisa. Kapsaisini ikipakwa kwenye ngozi hufungua mlango huo, kalsiamu inamiminika ndani ya neva, na mahali panawaka. Ikirudiwa siku nyingi, neva hupoozwa na ncha zake hujikunja, ndipo maumivu hupungua. Krimu za hospitali zina kapsaisini asilimia 0.025 hadi 0.075, hupakwa kiasi kidogo mara tatu hadi nne kwa siku, na nafuu huchukua wiki mbili hadi nne. Anayepaka mara moja moja anapata moto bila kupata nafuu, na wengi huiacha katika wiki ya kwanza, ambayo ndiyo kali kuliko zote. Pilipili iliyopondwa nyumbani haina kiasi kinachojulikana. Imeshachubua watu ngozi hadi malengelenge, na kwa mgonjwa wa kisukari asiyehisi miguu yake kidonda hicho hakionekani mapema. Isipakwe penye mchubuko, isifungwe kwa kitambaa, isiwekewe chupa ya maji ya moto juu yake, maana joto linafungua mlango uleule.

Akishaunguzwa, maji matupu hayatasaidia, kwa kuwa kapsaisini haiyeyuki vizuri kwenye maji bali kwenye mafuta. Apanguse kwanza kwa mafuta ya kula, hata mawese yanafaa, kisha aoshe kwa sabuni nyingi na maji ya baridi, na arudie. Mikono ioshwe hivyohivyo kabla ya kugusa macho au kumbeba mtoto. Ikiingia jichoni, hapo mafuta hayana kazi: ni kusuuza kwa maji safi mengi kwa dakika 15, na asipopata nafuu aende kituo cha afya.